Kaka anataka rangi ngumu, mimi sitaki: boti ya marehemu baba inatugombanisha

Mjomba, shikamoo.

Huwa nasoma majibu yako kwa watu wenye shida za ndoa na mirathi, na nilidhani suala la rangi ya boti si la kukuletea. Mke wangu ndiye aliyesema nikuandikie, maana anaona silali vizuri.

Marehemu baba alituachia boti ya matanga, mimi na kaka yangu mkubwa. Ni ya faibaglasi, urefu wake mita 9, ina injini ndogo na mkuku wa chuma, yaani ule uti mzito wa chini. Aliipenda mno, na alituusia isiuzwe maadamu sisi wawili tunaweza kuitunza pamoja. Mzigo tuligawana bila maneno. Kaka kipato chake ni kikubwa, kwa hiyo analipa sehemu kubwa ya gharama. Mimi mikono yangu imezoea kazi, kwa hiyo matengenezo ni yangu. Kila inapopandishwa nchi kavu, mimi ndiye ninayelala chini yake na kikwanguo.

Msimu huu ilipotoka majini nilishtuka. Kwenye mstari wa maji kulikuwa na mwani wa kijani wa urefu wa kidole. Pembeni mwa usukani na nyuma ya mkuku palijaa vile viganda vyeupe vigumu vyenye ncha za kukata. Ukivikwangua vinatoka, lakini kila kimoja kinaacha kiduara cheupe kilichoganda kwenye rangi. Nilipoendelea kukwangua, rangi yenyewe ikaanza kubanduka vipande vipande. Ukikishika kipande na kukitazama ukingoni, unaona matabaka: jekundu, la bluu, jeusi, kisha jekundu tena. Baba alipaka kwa miaka mingi, na hakuna anayejua alipaka nini.

Rangi ya tumbo la boti huwekewa sumu, kama shaba, ili viumbe wa majini wasinate. Kaka anataka ile ngumu yenye shaba nyingi kuliko zote zinazouzwa. Anasema hiyo unaweza kumlipa mzamiaji aisugue boti ikiwa majini na isiharibike, na yeye anapenda kushindana, hivyo anataka tumbo la boti liwe laini kama kioo. Mimi nataka ile inayolika yenyewe polepole, kwa sababu nimechoka kukwangua, na pia boti yetu hukaa nchi kavu miezi kadhaa kila mwaka. Binti yangu anasomea mazingira. Amesema hatakanyaga tena boti iliyopakwa sumu, na anatutaka tuweke silikoni, ile inayoteleza tu bila kuua.

Kisha likaja la kopo. Kaka alipokuwa akipanga stoo ya baba alikuta kopo la zamani, bado limefungwa vizuri, na lebo inasema ndani mna tributilitini, sumu kali ya kuzuia viumbe kunata. Anakumbuka kwamba enzi za rangi ile boti ilikuwa ikitoka majini safi kabisa. Anasema tuipake kwenye usukani na mkuku tu, nani atajua?

Tulipokaa kuzungumza nilimwambia sikubali. Akanijibu, "Mimi ndiye ninayelipa." Nilinyamaza, Mjomba. Ni kaka yangu, na tangu baba aondoke ndiye ninayemtazama kama baba. Tangu hapo tunatumiana ujumbe mfupi tu, kuhusu tarehe za boti kurudi majini. Mama naye ameanza kusema ni heri iuzwe.

Je, nimwachie kaka apake anachotaka ili amani irudi? Au nisimamie ninachoamini? Na kuna rangi inayoweza kuturidhisha sote watatu?

Ni mimi, Mwenye Kikwanguo

MJOMBA ANAJIBU

Marahaba, mpwa wangu, na poleni kwa kuondokewa na mzee. Umefanya vizuri kuandika. Nimeona familia zikitengana kwa mambo madogo kuliko rangi, na hili la kwenu wala si dogo.

Nikikusoma naona mambo matatu yamefungwa kwenye fundo moja. La kwanza ni rangi ipi inafaa boti hii. La pili ni nani mwenye sauti, anayelipa au anayefanya kazi. La tatu hukuliandika waziwazi, lakini nalisikia: kila mmoja wenu anajaribu kuitunza boti kama baba alivyoitunza, na hakuna anayejua aliitunza vipi hasa. Nitayagusa yote, ingawa si kwa mpangilio huo.

Acha nianze na kopo, kwa kuwa hapo sitakuwa na maneno mawili. Tributilitini iliua kila kilichojaribu kunata, ni kweli, na kaka hakosei anapokumbuka boti ikitoka safi. Lakini ilipotoka kwenye rangi haikuishia kwenye boti. Katika ghuba ya Arcachon, Ufaransa, chaza wa kufugwa walianza kuota magamba manene yaliyopinda na watoto wao wakawa hawakui, na konokono wa baharini wa kike wakaota viungo vya kiume. Ufaransa iliizuia kwa boti ndogo mwaka 1982, Uingereza ikafuata mwaka 1987, na mkataba wa kimataifa wa kuipiga marufuku kwenye vyombo vya majini ulipitishwa mwaka 2001, ukaanza kutumika mwaka 2008. Kwa hiyo si suala la nani atajua. Lipelekeni kopo hilo, likiwa limefungwa, kwa mamlaka inayopokea taka zenye sumu, na msilimwage popote. Kama unaweza, nendeni wote wawili. Nitakueleza sababu mbele.

Kopo hilo linanipa wasiwasi mwingine unaokuhusu wewe. Kama baba aliwahi kuipaka rangi hiyo, basi mojawapo ya matabaka uliyoyaona kwenye kipande chako linaweza kuwa hilo hilo, nawe ndiye unayelala chini yake. Tafadhali usiikwangue wala kuipiga msasa ikiwa kavu. Ilowanishe, tumia msasa wa maji, vaa barakoa yenye vichujio, miwani inayofunika macho na glavu. Tandika turubai chini, kusanya kila kipande, usiache mvua ikikisomba. Vumbi la rangi za aina hii ni sumu hata pasipo tributilitini, maana shaba na viuaji vingine vimo.

Sasa niulize jambo. Nyote watatu mnazungumza kana kwamba tatizo ni koti la juu la rangi. Mbona barua yako yenyewe inasema lingine? Rangi inabanduka pamoja na matabaka yaliyo chini yake. Rangi inayolika haijengi matabaka manene hivyo, kwa sababu huisha kama sabuni inavyoisha kwa kutumiwa, na kinachobaki mwisho wa msimu ni kidogo. Matabaka manne yanayoonekana kwa macho yananifanya nishuku kwamba kwa miaka mingi baba alikuwa akipaka rangi ngumu juu ya rangi ngumu. Rangi ngumu hutoa shaba yake majini, halafu ganda lake hubaki palepale. Ukipaka lingine juu, na lingine tena, unafika siku uzito unashinda mshiko, likaanza kupasuka na kuanguka. Nikiwa sahihi, chochote mtakachoweka juu, kiwe cha kaka, chako au cha binti, kitaanguka pamoja na kile kilichokishikilia.

Kuna njia rahisi ya kujua. Chukua kitambaa kilicholowa, sugua sehemu moja kwa nguvu. Rangi ikihamia kwenye kitambaa kwa wingi, ni ya kulika. Ikibaki, huenda ni ngumu. Kisha, sehemu iliyokauka, chora alama ya msalaba kwa kisu chenye makali mpaka ufike chini, bandika utepe imara, ubonyeze, uuvute kwa mara moja. Fanya hivyo mbele, katikati, nyuma, na karibu na mstari wa maji. Panaposhika vizuri, kuna praima, yaani rangi za msingi, za kufunika rangi ya zamani isiyojulikana ili ile mpya ipate pa kukaa. Panapobanduka, hapana njia ila kuitoa, na hiyo ni kazi ya jasho na fedha. Mkuku wenu wa chuma unataka uangalifu zaidi: shaba ikigusa chuma majini, chuma ndicho kinacholiwa. Lazima pawe na makoti ya kutosha ya epoksi, utomvu unaokauka na kukinga maji, kati yao kabla ya rangi yoyote ya shaba.

Baada ya hapo ndipo mazungumzo ya ngumu au ya kulika yanakuwa na maana. Na hapo nina swali kwa dhana ninayoisikia kwa kaka, kwamba yenye shaba nyingi ndiyo bora. Shaba hufanya kazi kwa sababu inayeyuka. Jeshi la majini la Uingereza lilianza kuvisha meli mabamba ya shaba kwa majaribio mwaka 1761, na meli zilitoka safi. Mabamba yalikuwa yakiisha, wakaona ni hasara. Mwaka 1824 mkemia Humphry Davy akaja na dawa: aliunganisha vipande vya zinki au chuma kwenye shaba, na shaba ikaacha kuyeyuka kabisa. Ikaacha pia kuzuia kitu. Mwani na viumbe wa magamba vikarudi kwa wingi hadi wakalazimika kuviondoa vile vipande. Kwa hiyo wingi wa shaba ndani ya kopo hautoshi. Muhimu ni kasi inayotoka nayo, na kama kasi hiyo inaendana na maisha ya boti yenyewe.

Maisha ya boti yenu ndiyo sijayasikia vizuri. Umesema inakaa nchi kavu miezi kadhaa. Rangi ngumu nyingi hupoteza nguvu zikikaa hewani muda mrefu. Uso hufa, na ukiirudisha majini bila kuipiga msasa au kuipaka upya umebeba rangi isiyofanya kazi. Za kulika nyingi huvumilia kutoka na kurudi, ingawa si zote, na maelezo ya kopo husema muda unaoruhusiwa. Hilo linakuunga mkono. Lakini boti ikiwa majini, je, inatembea? Rangi ya kulika inahitaji maji yapite juu yake ili uso mpya ufunuke. Ikifungwa wiki nyingi mahali pasipo mkondo, ute hutanda juu yake na kazi hupungua. Na ukimtuma mzamiaji aisugue, anaitoa pamoja na uchafu. Hapo kaka ana hoja nzuri kabisa: kama desturi yenu ni kusugua, rangi ngumu inastahimili, na inapigwa msasa laini mpaka iteleze, jambo ambalo mshindani yeyote atalitamani.

Jambo lingine linalomsaidia kaka, na nadhani ni haki ulijue: ukishapaka ngumu, kuhamia ya kulika baadaye ni rahisi, unaipiga msasa na kupaka juu yake. Kinyume chake hakiwezekani. Ngumu haishiki juu ya ile ya kulika, kwa kuwa hiyo itamomonyoka chini yake. Kwa hiyo mwaka ambao hamjaelewana, yake inaacha mlango wazi zaidi kuliko yako. Sisemi ndiyo mchague, nasema uizingatie.

Mkifika kwenye ya kulika, kuna ufundi ambao utakupunguzia kukwangua. Koti la kwanza lipake rangi moja na la pili rangi nyingine, jekundu chini na bluu juu, kwa mfano. Siku bluu ikianza kuonyesha jekundu kwenye mkuku au ukingo wa mbele wa usukani, unajua muda umefika, huna haja ya kubahatisha. Mstari wa maji na kingo hizo zipewe koti la ziada, maana huko ndiko rangi huisha haraka na ndiko mwani wako ulikoota. Vipande vya zinki vya kulinda chuma usivipake kamwe. Kujua kiasi cha kununua, chukua urefu wa boti kwenye mstari wa maji, zidisha kwa jumla ya upana na kina chake ndani ya maji, kisha zidisha kwa 0.75. Urefu huo ukiwa mita 8, upana 3, kina 1.5, unapata mita za mraba 27 kwa koti moja.

Binti yako ana moyo mzuri, na ningependa asikilizwe kwa heshima, si kama mtoto anayesumbua. Ana ushahidi. Katika bandari ya boti ya Shelter Island, San Diego, maji hayabadiliki kwa urahisi na shaba ya rangi za boti imejilimbikiza, hadi mwaka 2005 mamlaka za maji ziliagiza ipunguzwe. Uswidi hairuhusu boti za starehe zitumie rangi zenye viuaji kwenye maji yasiyo ya chumvi. Lakini naye muulize maswali. Boti isiyo na kinga haiwi safi kwa bahari. Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, limeeleza kwamba ute wa nusu milimita tu, ukifunika nusu ya tumbo la meli, unaweza kuongeza hewa chafu kwa asilimia 25 hadi 30. Viumbe walionata pia husafirishwa kutoka bahari moja hadi nyingine, na huko wakaharibu ya wenyewe. Silikoni kweli haiui. Inafanya uso uteleze ili wanaonata waangushwe na mwendo. Boti ya matanga ya ukubwa wenu haizidi sana maili 7 za baharini kwa saa, na ikisimama muda mrefu itahitaji kufutwa kwa sponji laini mara kwa mara. Inachukia kamba za kunyanyulia na mikwaruzo. Na ikishapakwa, rangi ya kawaida haitashika juu yake mpaka iondolewe yote. Kama binti yuko tayari kuwa ndiye anayeshuka na sponji, mazungumzo yanabadilika. Muulize.

Jambo moja hapo linawahusu kaka na binti kwa pamoja. Kusugua rangi ya shaba ndani ya maji huachia wingu la shaba kwa mkupuo, hasa mahali pasipo mkondo. Sehemu nyingine hairuhusiwi. Kabla kaka hajapanga mzamiaji, aulize sheria za pale mnapofunga boti.

Nije kwa kaka. Alisema neno lililokuumiza, na ukanyamaza kwa heshima. Nakuelewa. Lakini kunyamaza kwako huenda yeye amekusikia kama umekasirika, au umekubali. Najiuliza pia kama kopo lile alilitazama kama rangi tu. Alikuwa stoo kwa marehemu, mikononi ana kitu ambacho baba alikifunga vizuri na kukiweka. Huenda anataka boti itoke majini kama ilivyokuwa ikitoka baba akiwepo. Ndiyo maana nikasema mkalipeleke pamoja. Itakuwa vigumu kwake kulitoa peke yake, na vigumu zaidi wewe ukimnyang'anya.

Unauliza kama umwachie. Unaweza. Wapo ndugu waliofanya hivyo wakabaki na amani ya kweli. Hatari ni kwamba mwakani utakuwa tena chini ya boti, na kila kipande kitakachokuangukia kitakukumbusha kwamba ulinyamaza. Unaweza pia kushikilia msimamo, na ukapata rangi unayoitaka ukakosa mtu wa kusafiri naye. Njia nyingine ni kuacha boti iamue kwa msimu mmoja, upande wa kulia rangi yake, upande wa kushoto yako, kwenye msingi ulioandaliwa sawasawa. Wapo wanaofanya hivyo na hujifunza mengi, ingawa mshindani hatalipenda, na mtalipia makopo mengi kuliko mnayohitaji. Au mnaweza kuahirisha rangi zote, mkatumia bajeti ya mwaka huu kuitoa ile ya zamani na kuweka epoksi, kisha boti ikakaa nchi kavu msimu mzima. Hilo lina gharama ya aina yake, kwa sababu mama anaweza kuliona kama mwanzo wa kuuza. Mkilichagua, mwambieni mapema na kwa vinywa vyenu.

Ningependa umpigie kaka simu, usimtumie ujumbe. Usianze na rangi. Mwambie, "Kaka, kuna kitu chini ya boti nataka tukitazame pamoja kabla hatujaamua." Akija, mpe barakoa na utepe, mwache avute mwenyewe. Anayelipa akiona kwa macho yake kinachobaki kwenye utepe, na anayefanya kazi akiwa pembeni yake, suala la nani mwenye sauti hubadilika sura. Hapo ndipo umweleze pia kwamba neno lile liliuma. Mdogo anaweza kumwambia mkubwa hivyo, kwa adabu, bila kumvunjia heshima.

Mkishapaka, iwe ni ipi, andikeni kwenye daftari linalokaa ndani ya boti: jina la rangi, ni ngumu au ya kulika, praima gani iko chini, makoti mangapi, tarehe ya kupaka na ya kuingia majini. Mpe binti yako kazi ya kulitunza.